Shilingi Tano za Mfukoni

Tarehe 5 Julai 1948 sheria mbili zilianza kufanya kazi kwa pamoja nchini Uingereza. Ya kwanza inajulikana hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga kisiwa kile: ndiyo iliyozaa Huduma ya Taifa ya Afya, ile NHS, na tangu asubuhi hiyo mgonjwa aliingia hospitalini na kutoka bila kuulizwa ana kiasi gani benki. Ya pili haina mashabiki wala siku ya kuzaliwa inayosherehekewa. Inaitwa Sheria ya Msaada wa Taifa, na kifungu chake cha kwanza kinasema, kwa ufupi unaoshangaza, kwamba sheria ya maskini iliyokuwepo imekoma. Karne tatu na nusu zikafutwa kwa sentensi moja.

Lakini sheria hiyo ya pili, katika vifungu vya mbele kidogo, iliacha swali ambalo mahakama za kule zinalitafuna hadi leo. Mzee, au kijana mwenye ulemavu, akitunzwa na halmashauri yake, alipe kiasi gani? Na swali la upande wa pili wa sarafu hiyo, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: abakiwe na kiasi gani?

Jibu la kwanza lilikuwa shilingi tano.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Pensheni ya serikali wakati huo ilikuwa shilingi 26 kwa wiki. Mzee aliyehamia kwenye makao ya halmashauri angelipa shilingi 21 kwa malazi na chakula, zikabaki tano za kununulia tumbaku, stempu, peremende za wajukuu. (Ndiyo, shilingi. Neno letu la fedha tulilirithi kwao, nao wakaliacha mwaka 1971 walipobadili sarafu yao, sisi tukabaki nalo.) Waziri aliyepeleka muswada ule bungeni mwishoni mwa 1947 alikuwa Aneurin Bevan, Mwelishi aliyeanza kazi katika machimbo ya makaa ya mawe akiwa mtoto, na hoja yake ilikuwa ya kuvutia. Aliwaambia wabunge kwamba matajiri wamezoea siku zote kwenda kuishi hotelini wakizeeka, wakalipa, wakahudumiwa, wala hakuna aliyewaona ombaomba. Kwa nini mzee wa tabaka la wafanyakazi asipate kitu cha namna hiyo? Makao yawe madogo, ya watu 25 au 30. Alipe kutoka kwenye pensheni yake mwenyewe. Asiwe mfungwa wa hisani ya mtu. Awe mgeni, na halmashauri iwe mwenye hoteli.

Ili kuelewa kwa nini kulipa kulionekana ni heshima, inabidi kurudi nyuma kidogo. Chini ya sheria ya maskini ya 1601, mtu asiyejiweza alikuwa mzigo wa parokia yake, na kabla parokia haijatoa senti, ilimtazama mwanawe. Watoto, wazazi, hata babu na bibi, walibanwa kisheria kumtunza ndugu yao. Mwaka 1834 mambo yakakazwa zaidi. Anayetaka msaada aende kwenye nyumba ya kazi, na maisha ya humo yapangwe yawe mabaya kuliko ya kibarua maskini kabisa aliye nje, ili mtu asivutiwe kuingia. Mume alitenganishwa na mke mlangoni. Wazee wa miaka ya 1940 walikuwa wamekua wakiisikia nyumba hiyo ikitajwa kama sisi tulivyokuwa tukitajiwa zimwi. Kisha katika miaka ya 1930, wakati ajira zilipokauka, serikali iliwapima wasio na kazi kwa kipato cha kaya nzima, hivi kwamba mshahara wa binti anayefanya kazi dukani ulihesabiwa dhidi ya baba yake. Chuki iliyotokana na kipimo kile ilidumu vizazi.

Kwa hiyo sheria ya 1948 iliwafungua watoto. Hakuna tena mtoto wa kufuatwa kwa ajili ya mama yake. (Mume na mke waliendelea kubanwa kila mmoja kwa mwenzake, kifungu hicho kilifutwa mwaka 2009 tu.) Msomaji wa Nairobi atakumbuka kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inataja familia na dola kwa pamoja kama wanaopaswa kumtunza mzee, na msomaji yeyote wa upande wetu anayetuma ya matumizi nyumbani kila mwisho wa mwezi atajua kwamba kwetu sheria ile ya 1601 haikuhitaji kuandikwa. Kule waliiandika, wakaichukia, wakaifuta. Pengo la mtoto aliyeondolewa likajazwa na halmashauri pamoja na mfuko wa mzee mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kwenye mpaka kati ya zile sheria mbili. Hospitali bure, makao ya kulipia. Mgonjwa huku, na kule mtu ambaye, kwa maneno ya sheria, anahitaji uangalizi na matunzo kwa sababu ya umri au udhaifu wa mwili. Kwenye karatasi mpaka huo unaonekana. Lakini mchukue bibi wa miaka 82 ambaye magoti yamekataa. Akiogeshwa na nesi, kwa kuwa ana kidonda cha kuangaliwa, ni huduma ya afya, hailipiwi. Akiogeshwa na mhudumu aliyetumwa na halmashauri, kwa kuwa hawezi kuvuka ukingo wa bafu peke yake, ni matunzo, na matunzo yana bei. Waingereza walifika mahali pa kuyapa mabafu hayo majina, bafu la afya na bafu la kijamii, na maofisa wenye akili timamu walikaa vikaoni wakijadili bibi fulani anaoga lipi. Maji ni yale yale, na sabuni ni ileile.

Hoteli za Bevan zilichelewa. Mwanasosholojia Peter Townsend alizunguka England na Wales mwishoni mwa miaka ya 1950 akitembelea makao 173, na kitabu chake cha 1962, *The Last Refuge*, kilionyesha kwamba wazee wengi bado walilala katika majengo yale yale ya nyumba za kazi, rangi mpya ukutani, vitanda katika safu. Tofauti ni kwamba sasa walikuwa wakilipia.

Naipita haraka miaka iliyofuata, kwa sababu ni historia ya mabomba ya fedha zaidi kuliko ya watu. Mwaka 1970 sheria moja iliwalazimu maofisa wa halmashauri kuwapa watu wenye ulemavu msaada majumbani kwao, si makaoni tu. Katika miaka ya 1980, karibu bila mtu kukusudia, mfuko wa hifadhi ya jamii ulianza kulipia wazee katika makao binafsi, na gharama ikapanda kutoka pauni milioni 10 hivi mwaka 1979 hadi zaidi ya bilioni moja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ya Thatcher ikashtuka. Tarehe 1 Aprili 1993 mzigo wote ukakabidhiwa halmashauri: ninyi mtapima nani ana mahitaji, ninyi mtanunua huduma, na bajeti yenu ikiisha imeisha.

Katikati ya hayo, mwaka 1983, Bunge lilikuwa limepitisha kifungu kidogo katika sheria yenye jina refu kuliko treni ya mizigo. Kifungu cha 17. Kilisema halmashauri inaweza kutoza kwa huduma za nyumbani kiasi inachoona kinafaa, na mtu akiiridhisha kwamba kipato chake hakimwezeshi, isimtoze zaidi ya anachoweza. Angalia vitenzi hivyo. *Inaweza*, si lazima. *Inachoona*. *Akiiridhisha*. Ni nani anayetakiwa kuthibitisha? Ni yule anayeinuliwa kitandani asubuhi. Ni yeye atakayekusanya risiti. Kwa takriban miaka thelathini ugomvi wa bili za matunzo ya nyumbani England ulisimama juu ya vitenzi hivyo vitatu, na kwa kuwa kila halmashauri iliona inavyoona, mtu wa mtaa huu angeweza kulipa mara kadhaa ya jirani yake wa ng'ambo ya barabara aliye chini ya halmashauri nyingine. Mwaka 2001 ndipo serikali kuu ilipotoa mwongozo ikisema kwamba baada ya bili mtu abakiwe angalau na kiwango cha msingi cha msaada wa kipato, na robo ya kiwango hicho juu yake. Ule ukawa mzazi wa kile kinachoitwa leo kipato cha chini kinacholindwa.

Kesi zilianza kupanda mahakamani. Mwaka 1994 halmashauri ya Gloucestershire ilijikuta na upungufu wa pauni milioni mbili na nusu, ikaondoa huduma za usafi na kufua kwa watu waliokuwa wamekwisha kupimwa na kuonekana wanazihitaji, akiwemo mzee wa miaka 79 aliyekuwa akiishi peke yake. Je, haja ya mtu inaweza kupungua kwa sababu hazina ya halmashauri imepungua? Mwaka 1997 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, lilijibu kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba ndiyo, halmashauri inaweza kutazama mfuko wake inapopima haja. Hukumu hiyo haihusu bili moja kwa moja, lakini ndiyo iliyozipa bili meno. Mtu aliyeambiwa uchague kati ya kulipia huduma na kuikosa, alijua sasa kwamba kuikosa kunaruhusiwa.

Miaka miwili baadaye upepo uligeuka kidogo. Pamela Coughlan aligongwa barabarani mwaka 1971 akapooza mikono na miguu. Mwaka 1993 yeye na wenzake wachache walihamishwa kutoka hospitali chakavu kwenda Mardon House, jengo jipya mjini Exeter, na mamlaka ya afya iliwaahidi kwamba hapo ndipo patakuwa nyumbani kwao kwa muda wote watakaotaka. Miaka mitano na kitu baadaye mamlaka ya afya ikaamua kulifunga jengo na kuwasukuma kwa halmashauri. Ukiwa mikononi mwa mamlaka ya afya hulipi. Ukiwa mikononi mwa halmashauri, wanafungua kitabu chako cha benki.

Mahakama ya Rufani iliamua Julai 1999. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo kwa sababu ya ahadi: mahakama ilisema mamlaka ya umma ikimwahidi mtu jambo zito kiasi hicho, haiwezi kugeuka tu kwa sababu imegeuka. Mimi nilivutiwa na sehemu nyingine, ile isiyo na mapambo. Majaji walijaribu kuchora ule mpaka wa 1948. Wakasema halmashauri inaweza kutoa, na kutoza, uuguzi ule tu ambao ni nyongeza ndogo juu ya malazi, wa aina ambayo idara ya ustawi wa jamii ingetarajiwa kuutoa. Mahitaji ya Coughlan yalikuwa makubwa mno kuingia humo. Kwa miaka hamsini mpaka ulikuwa kwenye vikao vya maofisa, na sasa ulikuwa umeandikwa na majaji. Hakuna ushahidi kwamba uliacha kuhamahama. Baada ya hapo familia nyingi zilianza kujifunza lugha ya Coughlan, zikibishana na maofisa wa afya kama mama mwenye maradhi ya kusahau ni mgonjwa au ni mtu asiyejiweza, kwa sababu jibu moja ni bure na jingine linaweza kuila nyumba.

Mwaka huo huo wa 1999 Tume ya Kifalme ilipendekeza matunzo ya mwili, yaani kuoga, kuvaa, kulishwa, yasilipiwe na mtu mwenyewe. Wajumbe wawili walikataa kutia saini wakisema fedha itawanufaisha wenye nacho. Scotland ilikubali pendekezo, na tangu Julai 2002 wazee wake waliopimwa na kuonekana wanahitaji matunzo ya mwili hawalipii. England ilikataa. Kwa hiyo sasa lile bafu lina majina mawili upande mmoja wa mto Tweed, na upande wa pili ni bafu tu.

Kesi ninayoipenda kuliko zote, kama mtu anaruhusiwa kupenda kesi ambayo walalamikaji walishindwa, ni ya Hammersmith na Fulham, wilaya ya magharibi mwa London yenye nyumba za bei ya kutisha na maghorofa ya wapangaji wa halmashauri yakitazamana. Mwaka 2006 chama cha Conservative kilishinda huko kikiahidi kupunguza kodi ya halmashauri, na kikaitimiza ahadi: asilimia tatu kila mwaka. Msaada wa nyumbani kwa wenye ulemavu ulikuwa hautozwi. Ili hesabu zikubali, mwaka 2008 uongozi ukaweka njia mbili mezani: ama kupandisha kiwango cha ulemavu kinachomstahilisha mtu kupata huduma, ama kuanza kutoza. Wakachagua kutoza.

Wakazi watatu wenye ulemavu walikwenda mahakamani. Hawakuweza kusema kwamba kutoza ni haramu, kwa kuwa kifungu cha 17 kiliruhusu. Wakasema halmashauri haikutafakari ipasavyo athari ya uamuzi wake kwa watu wenye ulemavu, wanawake na watu weusi, kama sheria za usawa zilivyotaka. Ofisa alikuwa ameandika tathmini, madiwani walikuwa wameiona. Majaji watatu wa rufani wakaamua Septemba 2009 kwamba hiyo inatosha. Lakini mmoja wao, Jaji Sedley, alikubaliana na wenzake kama mtu anayemeza shubiri. Aliandika kwamba shabaha ya zoezi lote ilikuwa kuitoa huduma ya bure sadaka kwenye madhabahu ya punguzo la kodi ambalo hakuna sheria iliyolilazimisha, na kwamba kilichobaki kujadiliwa kilikuwa namna ya kuchinja tu. Mahakama, alimaanisha, ilikuwa imeletewa swali dogo, na lile kubwa lilikuwa la siasa.

Wakazi wakaondoka mahakamani wakiwa wameshindwa, na walichofanya baadaye hakipatikani kwenye vitabu vya sheria. Walirudi kupanga mikutano, kusumbua madiwani, kuhudhuria vikao. Mwaka 2014 Labour ilichukua halmashauri. Aprili 2015 bili za matunzo ya nyumbani zikafutwa Hammersmith na Fulham, na kwa miaka mingi ikabaki halmashauri pekee England isiyotoza. Nimesoma mahali pengi ikielezwa kwamba kutoza hakuepukiki. Pengine ni kweli kwa wilaya maskini yenye wazee wengi na wafanyabiashara wachache wa kutoza kodi. Lakini hii ni wilaya iliyotoza ili kupunguza kodi, kisha ikaacha kutoza, na mbingu haikuanguka mara zote mbili.

Mwaka huo wa 2015 sheria mpya ilikuwa imechukua nafasi ya vifungu vya zamani, 1948 na 1983 vyote viwili. Sheria ya Matunzo ya 2014 iliweka kanuni moja kwa England nzima. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 ajilipie. Mwenye chini ya 14,250, akiba yake isiguswe. Aliye katikati, kila pauni 250 za ziada zihesabiwe kana kwamba zinamletea pauni moja kwa wiki, riba ambayo hakuna benki niijuayo inaitoa. Mshahara wa kazi usihesabiwe. Mafao ya ulemavu yanaweza kuhesabiwa, baada ya kutoa gharama zinazotokana na ulemavu wenyewe: mashuka ya ziada, umeme wa mashine ya kufulia inayozunguka kila siku, chumba kinachohitaji joto zaidi, viatu vinavyoisha upesi upande mmoja. Hapa ndipo ugomvi wa kila siku unapoishi, si mahakamani. Ofisa anauliza, kwa nini mashuka manne na si mawili? Una risiti?

Shangazi yangu amefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa katika mji mmoja wa katikati ya England, ile kazi ambayo ndugu nyumbani wanaiingiza kwenye kapu moja la kubeba boksi. Ananiambia kwamba wateja wake wanajua bei ya dakika zake kuliko yeye. Yuko bibi anayemwomba asimvue soksi, atazivua mwenyewe, ili ile nusu saa isizidi. Shangazi anajua kwamba zitamchukua dakika ishirini na atalala amechoka. Anajua pia kwamba fedha anazolipa bibi haziendi kwake. Kati ya anachotozwa bibi na anacholipwa shangazi kuna kampuni, petroli ya safari zisizohesabiwa, na halmashauri.

Lakini nirudi mahakamani, mara ya mwisho. Norfolk ni kaunti ya mashariki, tambarare, yenye mashamba na pwani. Mwaka 2019 halmashauri yake ilibadilisha sera. Sheria iliiruhusu kumwachia mtu zaidi ya kile kiwango cha chini kinacholindwa, nayo ilikuwa ikifanya hivyo kwa watu wa umri wa kufanya kazi: pauni 189 kwa wiki. Sasa ikaamua kukishusha, kwanza hadi 165, kisha hadi 151.45, chini kabisa inakoruhusiwa, na wakati huo huo kuhesabu sehemu ya mafao ya ulemavu ambayo awali haikuigusa.

Msichana wa miaka 24, anayejulikana kwenye hukumu kwa herufi SH tu, aliishi na wazazi wake. Alizaliwa na hali ya Down, hajawahi kuwa na ajira ya mshahara wala hatarajiwi kuwa nayo. Sera mpya ingepandisha bili yake kutoka pauni 16.88 kwa wiki hadi 50.53. Mama yake ndiye aliyesimamia shauri kwa niaba yake.

Hoja yao ilikuwa nzuri, na inastahili kuelezwa polepole. Chukua watu wawili wenye ulemavu, mmoja mkali na mwingine mwepesi. Wa pili anaweza kufanya kazi kidogo. Mshahara wake, kwa kanuni, hauguswi hata senti. Mafao yake ya ulemavu ni ya kiwango cha chini, kwa hiyo cha kuchukuliwa ni kidogo. Wa kwanza hana mshahara. Alichonacho ni mafao, tena ya kiwango cha juu, kwa sababu ulemavu wake ni mkubwa, na mafao ndiyo yanayohesabiwa. Basi kadiri ulemavu unavyozidi, ndivyo sehemu ya kipato inayochukuliwa inavyozidi. Hakuna ofisa aliyeandika popote kwamba wenye ulemavu mkali walipe zaidi. Hesabu yenyewe ilifika hapo.

Halmashauri ilijitetea kwamba imefuata kanuni za taifa neno kwa neno, na hilo lilikuwa kweli. Desemba 2020 Jaji Griffiths alisema haitoshi. Kanuni ziliruhusu kutoza hivyo lakini hazikulazimisha, na halmashauri ilipokuwa inachagua haikuonyesha kwamba iliutazama ubaguzi huo hata mara moja, seuze kuutolea sababu. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu unakataza kubagua katika kufurahia haki, mali ikiwa mojawapo, na mafao ni mali. SH alishinda. Lile *inaweza* la 1983, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa ngao ya halmashauri, safari hii liliwageukia: kama mngeweza kutofanya, tuambieni kwa nini mlifanya.

Pauni 33 na senti kadhaa kwa wiki. Kwa bajeti ya kaunti ni vumbi. Kwa SH ilikuwa tofauti kati ya kwenda na kutokwenda: nauli, kikombe cha chai na rafiki, tiketi ya sinema. Nadhani ndiyo sababu kesi hizi zinanishika kuliko kesi za wenye nyumba za mamilioni wanaogombania urithi, ambazo magazeti ya kule yanazipenda zaidi. Mwenye nyumba anatetea alichotaka kuwaachia watoto. SH alikuwa anatetea Jumanne.

Wanasiasa nao wana historia yao kuhusu wenye nyumba, na ni fupi kuieleza kwa kuwa hakuna kilichotokea. Mwaka 2011 tume ya Andrew Dilnot ilishauri liwekwe dari, mtu asilipe zaidi ya pauni 35,000 maisha yake yote. Sheria ya 2014 ikakubali dari, serikali ikaipandisha hadi 72,000, ikaiahirisha mwaka 2015, ikaiacha. Boris Johnson akaifufua mwaka 2021 kwa 86,000, ianze Oktoba 2023. Ikasogezwa hadi Oktoba 2025. Julai 2024 serikali mpya ya Labour ikaifuta. Kile kikomo cha akiba cha pauni 23,250 hakijasogea tangu 2010, ingawa mkate, umeme na mishahara ya akina shangazi vimesogea.

Na zile shilingi tano? Bado zipo, zimebadilisha jina tu. Anayeishi makaoni kwa gharama ya halmashauri huachiwa posho ya matumizi binafsi kila wiki. Kati ya 2015 na 2022 ilikuwa pauni 24.90. Mwaka 2021 nilipiga hesabu pembeni ya daftari: pensheni ya msingi ilikuwa pauni 137.60, kwa hiyo posho ni asilimia 18 yake. Shilingi tano katika 26 ni asilimia 19.

Januari 2025 serikali ilitangaza tume nyingine, chini ya Louise Casey, itakayotazama upya mfumo mzima wa matunzo ya watu wazima, nani apate nini na nani alipe. Ripoti yake ya mwisho imepangwa 2028.